Siku Redio Ilipopiga Nyimbo za Chediel

Chediel aliondoka nyumbani kabla ya jua, flashi ya nyimbo zake mfukoni, spika ndogo imefungwa kwa mpira wa baiskeli nyuma ya pikipiki. Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, mtu wa miaka sitini na moja hashuki mlima wa Sekenke kwa pikipiki eti anaenda kumsikilizisha mwenzake muziki. La pili, anipigie akifika Misigiri na anipigie tena akifika chini. La kwanza hakulijibu. La pili alisema, "Sawa, mama Asnath," kwa sauti ya mtu ambaye kichwani ameshafika.

Mume wangu ni fundi wa pampu za maji. Kazi hiyo ndiyo inayotulisha, pamoja na duka langu la dawa za mifugo, mbele ya nyumba yetu hapa Utemini, Singida mjini. Ukimuuliza yeye, atakwambia ni mwanamuziki. Mwishoni mwa miaka ya themanini vijana wanne waliokuwa wanachimba dhahabu Sekenke walianzisha bendi wakaiita Kokoto. Mwalimu mmoja wa kujitolea, Mwingereza, alikuwa amemaliza muda wake Kiomboi akawaachia kaseti za vijana wa kwao waliopiga gitaa kama wana ugomvi na fundi aliyelitengeneza. Chediel alizisikiliza mpaka utepe ukakatika. Wakaanza kupiga muziki wa namna hiyo kwa Kiswahili: gitaa linakwaruza, besi iko mbele, Chediel anafoka. Dramu ya Sostenes ilifuata mwendo wa karasha, ile mashine ya kuvunja mawe ya dhahabu. Hakukuwa na sehemu ya kucheza. Watu wa mjini walisema ni muziki wa kuumwa jino. Wachimbaji waliupenda mpaka wakavunja viti vya ukumbi.

Bendi ilikufa kama bendi nyingine zinavyokufa. Mmoja alioa, mmoja akaumwa, mmoja akahamia Itigi akapotelea huko. Mwaka huu Chediel na Zefania, mpiga besi ambaye siku hizi analima Misigiri, wakaamka na kurekodi albamu mpya. Waliiita Vumbi Limetua. Walirekodi kwa kijana mmoja hapa mjini mwenye kompyuta na godoro ukutani la kuzuia mwangwi. Sostenes hakuwemo. Alisema hawezi kuacha shimo lake la Sekenke wakati limeanza kutoa dhahabu, Chediel akasema hawezi kungoja shimo, na yule kijana akawawekea ngoma za kompyuta. Tangu hapo Chediel na Sostenes hawakuzungumza.

Ndiyo maana ya safari. Jumamosi hiyo redio ya mkoa ilikuwa imepanga kuipiga albamu asubuhi na kuwaachia wasikilizaji watoe maoni, lakini Chediel hakutaka kuwepo.

"Redioni kila mtu anasifu," aliniambia usiku wa kuamkia siku hiyo. "Sostenes hajui kusifu. Yeye akisema ni takataka, gitaa naliuza na sitalizungumzia tena."

"Na redio ikisema ni nzuri?"

"Redio haikuwa Sekenke."

Halafu akaniuliza, kama alivyoniuliza tangu albamu iingie ndani ya nyumba, "Na wewe je?"

"Nitasikiliza nikipata nafasi."

Sikuwa nimepata nafasi. Mimi nina stashahada ya afya ya mifugo, na ng'ombe mwenye homa hangoji wimbo uishe. Nilikuwa nasikia vipande kupitia mlango wa chumbani, nikiwa napanga dawa, na nilichosikia kilikuwa mzee anakwaruza nyaya. Sikumwambia hivyo. Sikumwambia kitu.

Saa mbili na nusu alipiga kutoka Misigiri. Alikuwa kwa Zefania anakunywa chai. Nikamwambia ashuke taratibu, malori ya pale hayana breki wala aibu. Akacheka, akakata.

Saa tatu nikawasha redio dukani.

Mtangazaji alikuwa binti anaitwa Dorkas, ana sauti nzuri na haraka kidogo. Alisema jina la bendi, akasema jina la albamu, akataja namba ya kupiga, kisha akaachia muziki. Agripina, fundi cherehani wa mlango wa pili, akaja akasimama kwenye kizingiti, tepu shingoni.

"Huyo ni shemeji?"

"Ndiye."

Akasikiliza huku ameinamisha kichwa. "Zamani si alikuwa anapiga kelele? Sasa anaongea kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani."

"Mwambie mwenyewe akirudi."

"Nitamwambia. Mimi simwogopi shemeji."

Simu za wasikilizaji zilianza kuingia. Wa kwanza alisalimia mke wake aliyeko jikoni, mama mkwe wake, watuma salamu wote wa Manyoni na fundi aliyemtengenezea simu, muda wake ukaisha. Dorkas akamuuliza haraka, "Na albamu, baba?" Akajibu, "Eh, naisikia," ikakatika. Wa pili alifanya vilevile. Wa tatu alikuwa Simeoni wa Mandewa.

"Dada Dorkas, mimi sizunguki. Kokoto ya zamani ilikuwa inakwaruza. Hii imepigwa pasi. Ngoma za kompyuta hizo, hata mwanangu wa darasa la pili anaweza kubonyeza. Wazee wapumzike."

Agripina akanitazama. Mimi nikatazama chupa za dawa ya kupe. Nilikuwa namwona Chediel akisikia neno hilo, pasi. Nikafurahi kwamba yuko njiani.

Akapiga mama mmoja, hakusema jina. Alisema alikuwa anauza chakula Sekenke enzi zile. "Alikuwa anafoka yule kijana. Sasa ananong'ona. Ila ukitega sikio, anachonong'ona kinatisha kuliko kelele." Nikaongeza sauti kidogo. Dorkas akaachia wimbo mwingine, akafuatisha wa zamani, Karasha, kisha mpya, kisha wa zamani tena. Alikuwa anafanya kazi yake vizuri, na hapo ndipo palipoharibika.

Maana hapa kwetu redio haimpigii mwanamuziki wa rika lile nyimbo mfululizo akiwa hai. Akiwa hai anapigiwa wimbo mmoja, kati ya tangazo la mbegu na tangazo la mkutano wa injili. Ukisikia wa tatu unauliza anaumwa nini. Ukisikia wa tano unauliza maziko ni lini. Dorkas ni mtoto mdogo, hakufikiria. Mimi ni mtu mzima na sikufikiria pia, kwa sababu nilikuwa nangoja simu ya kufika chini.

Saa nne ilipita. Nikapiga mimi. Mteja wa namba unayopiga hapatikani kwa sasa.

Mtandao wa mlimani ni mbovu, kila mtu anajua. Nikamhudumia mzee Ezekieli, mjumbe wetu wa mtaa, aliyekuja kutafuta dawa ya minyoo ya mbuzi. Nilimpa shikamoo yake, nikamweleza kipimo, akawa anaitikia huku sikio liko kwenye redio. Aliondoka bila kuchukua dawa. Nikamwita, hakugeuka.

Kisha Dorkas akaanza kusoma ujumbe wa simu. "Huyu ametuandikia kutoka Kiomboi, anasema: albamu nzuri sana, imetulia, Mungu amlaze..." Akanyamaza. Redio ikawa kimya mpaka nikafikiri umeme umekatika. Halafu akaweka wimbo, bila kusema ni wimbo gani.

Nikapiga tena. Hapatikani.

Wimbo ulipoisha alikuwa amepata simu ya Simeoni wa Mandewa kwa mara ya pili, na sauti ya Simeoni ilikuwa imeshuka. "Dada Dorkas, naomba nifute niliyosema asubuhi. Sikujua hali. Kumbe mzee alikuwa anatuaga. Sasa nimeielewa albamu. Hata hizo ngoma, nimezielewa. Poleni wana Singida."

Kijiko cha kupimia kilikuwa mkononi mwangu. Nikakiweka juu ya meza, nikakichukua tena, nikakiweka. Agripina alikuwa amesimama mlangoni. Tepu haikuwepo shingoni. Alikuwa amejifunga kanga ya pili.

"Mama Asnath," alisema. "Njoo ndani tukae."

"Tukae kufanya nini?"

Nyuma yake niliona wanawake wa mtaa wanaingia uani mmoja mmoja, wamejitanda, na mmoja amebeba sufuria la shughuli kichwani. Mzee Ezekieli alikuwa amerudi na vijana wawili wenye turubai. Hakuna aliyelia kwa sauti. Walikuwa wanangoja mimi nianze.

Simu yangu ikaita nikaidaka. Ni Asnath, binti yetu, kutoka Dodoma. Alikuwa analia hasemi.

"Asnath. Nani amekuambia?"

"Iko kwenye makundi yote, mama. Wameweka picha ya baba na mshumaa."

"Nani ameiweka?"

"Sijui. Kila mtu."

"Sikiliza. Mimi ndiye mke wake na mimi sijaambiwa na mtu yeyote. Nyamaza kwanza. Usipande gari. Nitakupigia."

Nilikata nikiwa najivunia sauti yangu, ilivyokuwa imenyooka. Nikapiga redioni. Nilipiga mara nyingi kabla ya kupokelewa.

"Dorkas, mimi ni mke wa Chediel."

"Mama! Shikamoo, mama. Pole sana, mama, sisi hapa studio tumeshtuka..."

"Marahaba. Nani amekuambia amekufa?"

"Wasikilizaji, mama. Ujumbe umejaa."

"Na wasikilizaji wameambiwa na nani?"

Nilisikia karatasi. "Wanasema... wamesikia redioni."

"Redio gani?"

"Hii, mama."

Hapo ningecheka, siku nyingine. Nilimwambia azime muziki. Nikageuka kuwaambia watu wa uani kwamba hakuna msiba, ni redio imejisikia yenyewe, waende majumbani kwao. Na ningewaambia hivyo, kama mzee Ezekieli asingenishika mkono.

"Mama Asnath, subiri. Nimeongea kwa simu na dereva wa basi la kutoka Igunga lililokwama mlimani. Kuna lori limelala pale mlimani tangu asubuhi. Lilikuwa na madumu ya mafuta ya alizeti."

"Malori yanalala kila wiki."

"Ndiyo. Ila anasema pembeni ya lori kuna pikipiki. Haina mtu."

"Pikipiki ya rangi gani?"

Aliwatazama wale vijana wa turubai.

"Mzee, rangi gani?"

"Nyekundu. Ina mpira wa baiskeli nyuma. Umefungwafungwa, anasema."

Mpira ule niliukata mimi mwenyewe, kutoka kwenye baiskeli ya zamani ya Asnath. Spika ilikuwa imefungwa nao. Kama mpira ulikuwepo na spika haikuwepo, basi mtu amechukua spika, na kwenye ajali vitu huchukuliwa kabla ya watu. Nilifika hapo kwa hesabu yangu mwenyewe, hakuna aliyenisaidia.

Nikampigia Zefania. "Alikunywa chai akashuka," alisema. "Shemeji, mimi nimepanda pikipiki ya jirani naenda hukohuko. Barabara imefungwa, magari yamejaa mpaka juu kabisa. Simu yake hata mimi siipati. Shemeji, sijui niseme nini."

"Usiseme. Endesha."

Wanawake walikuwa wamekwisha kutoa makochi sebuleni. Viti vyangu vilikuwa uani vimewapokea wanaume, na pale palipokuwa na meza palitandikwa mkeka, na juu ya mkeka godoro la Asnath. Mama mmoja wa kanisani kwetu alinipapasa mgongoni akanisukuma polepole kuelekea hapo.

"Kaa, mwanangu. Usisimame hivyo."

"Sikai."

"Mwili utakuangusha."

"Uniangushe. Sikai pale."

"Mama Asnath," alisema Agripina, "hakuna mtu anakulazimisha. Ila watu wamekuja."

"Nawaona. Wakae wao."

Kila mwanamke mle ndani alijua kwa nini. Nikikaa kwenye godoro lile, nimekubali. Watanifunika kanga, wataanza kulia, na nikianza na mimi hakutakuwa na mtu wa kupiga simu. Nikarudi dukani, nikasimama nyuma ya meza yangu kati ya chanjo na mabomba ya sindano, mahali ninapojua kila kitu kiko wapi. Redio ilikuwa bado imewashwa. Dorkas hakuwa amezima muziki. Labda aliogopa kimya.

Ulikuwa unapigwa wimbo wa mwisho wa albamu. Unaitwa Nani Atafunga Mlango. Nilikuwa nimeusikia kwa vipande kama nyingine zote, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya mpaka simu iite, nikausikiliza. Gitaa lilikuwa linagonga mahali pamoja, kama mtu anayepiga hodi na hataki kuondoka. Chediel hakuwa anaimba. Alikuwa anataja vitu. Mwanga wa jioni kwenye chupa. Harufu ya dawa ya kupe. Mwanamke anayefagia mpaka kizingiti, anageuka kutazama rafu zake, anafunga kufuli, anajaribu kufuli, anajaribu tena.

Nilisimama pale na fagio langu pembeni. Alikuwa amekaa humu dukani jioni ngapi akiningoja, mimi nikidhani anasinzia?

Kumbe ndilo alilokuwa ananiuliza kila siku. Na wewe je.

Nikashika simu, nikampigia Dorkas. "Niweke hewani."

"Mama, labda tungoje taarifa rasmi kutoka..."

"Niweke hewani, binti. Mmekaa na mume wangu tangu asubuhi, na mimi nina la kusema."

Muziki ukakatika. Nilisikia sauti yangu ikirudi kwenye redio ya mezani ikiwa imechelewa kidogo, nikaizima redio ili nisijisikie.

"Mimi ni mke wa Chediel wa Kokoto," nilisema. "Sijui kama mume wangu ni mzima. Nasema ukweli, sijui. Lakini hakuna askari, hakuna daktari wala ndugu aliyeniambia amekufa. Kwa hiyo nyinyi mnaotuma pole, acheni kwanza. Pikipiki yake iko mlimani na yeye hayupo kwenye pikipiki. Alikuwa anakwenda Sekenke kwa Sostenes, yule mpiga dramu. Najua huko machimboni mnasikiliza redio. Mtu mmoja aende kwa Sostenes aangalie. Akimkuta apige simu. Asipomkuta apige simu pia. Na wewe Dorkas, usipige tena wimbo wowote mpaka mtu huyo apige."

Nikakata. Uani watu wote walikuwa wamenyamaza, wanatazama simu ya mzee Ezekieli aliyokuwa ameifungulia redio juu ya kiti. Dorkas alifanya nilivyomwambia. Aliwaambia wasikilizaji, "Tunangoja," basi. Kila baada ya muda alisema tena, "Tunangoja, wasikilizaji." Sijawahi kusikia redio ikinyamaza hivyo. Mahali fulani jogoo aliwika, na maji ya wali yakachemka kwenye sufuria la shughuli, maana wanawake wanaweza kuacha kulia lakini hawawezi kuacha moto uzime.

Nilipanga dawa za macho za ng'ombe. Nikazipangua. Nikazipanga.

"Tuna simu," Dorkas alisema. "Haloo?"

"Haloo. Hapa Sekenke. Naitwa Sostenes. Naongea na nani?"

"Na Dorkas wa redio, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mwambie mke wa Chediel kwamba marehemu yuko kwangu. Anakula ugali. Amemaliza mlenda wangu wote."

Uani kukatoka sauti moja, si kilio wala kicheko, kama watu wengi wamekanyaga moto pamoja. Mimi nilishika meza.

"Tunaomba tumsikie, baba!" Dorkas alikuwa anapiga kelele.

"Mdomo umejaa. Halafu ngoja. Nimesikia hiki ni kipindi cha maoni, na mimi ninayo. Hakuna aliyeniuliza nilipokuwa shimoni."

"Sema, baba."

"Hizo ngoma ni takataka. Nimemwambia usoni, hapa, akiwa anatafuna. Kompyuta haichoki, na dramu isiyochoka haikwambii kitu. Hata karasha lenyewe hukwama. Huo ndio muziki, pale linapokwama halafu linaondoka tena. Hilo la kwanza. La pili, gitaa lake ni zuri kuliko enzi zile. Sijafurahi kulisema, lakini ni zuri. Ule wimbo wa mlango tumeurudia mpaka spika imekufa. Basi. Namsalimia mke wangu, yuko hapa pembeni ananitazama vibaya."

Simu yangu iliita muda mfupi baadaye kwa namba nisiyoijua.

"Mama Asnath."

Nilizipangua tena zile dawa za macho.

"Upo?"

"Mimi nipo. Wewe ulikuwa wapi? Simu yako iko wapi?"

"Niliizima. Nilijua watu watanipigia kunieleza maoni, na mimi nilitaka kumsikia Sostenes kwanza. Nikasahau kuiwasha."

"Ulisema utapiga ukifika chini."

"Nilisema."

"Na pikipiki?"

"Lori lilikuwa limemwaga mafuta barabara nzima. Hata watembea kwa miguu walikuwa wanateleza. Nikaona nikipita hapo nitaanguka, na wewe umeniambia nisishuke mlima ule kwa pikipiki. Nikamwachia utingo wa lori aiangalie, nikachukua spika nikashuka kwa miguu. Kwani utingo hakuwepo walipoiona?"

"Labda alikwenda kukojoa, Chediel! Mimi nimetandikiwa godoro!"

Nilisikia Sostenes kwa nyuma akiuliza godoro la nini, na mke wake akimwambia anyamaze.

"Amesema ni takataka," Chediel alisema taratibu. "Umesikia?"

"Nimesikia. Mkoa mzima umesikia."

"Anataka turudie yote. Apige yeye. Shimo atamwachia mdogo wake mwezi mmoja, anasema."

"Na gitaa unauza?"

"Hapana." Kisha akasema, kwa sauti ndogo ile ya kuomba chumvi, "Na wewe je?"

Agripina alikuwa amesimama mlangoni na mzee Ezekieli nyuma yake, hawajifichi hata kidogo kwamba wanasikiliza. Nikawapa mgongo.

"Ule wa mlango una kosa," nilisema. "Duka letu halina kufuli. Lina komeo. Miaka yote hii ni komeo."

"Najua. Ila kufuli linaimbika."

"Basi mkirudia uweke komeo. Ukishindwa kuimba komeo wewe si mwanamuziki."

Nilimsikia analijaribu kwa sauti ndogo, komeo, komeo.

"Na usipande leo," nilimwambia. "Mafuta hayatakuwa yametoka barabarani. Lala hukohuko. Upande kesho mchana, kwa miguu mpaka ilipo pikipiki, na Zefania, yuko njiani anakuja huko, awe nyuma yako. Simu iwe imewashwa. Naipiga sasa hivi, nataka iite."

Nikakata, nikaipiga namba yake. Nilisubiri. Iliita. Akapokea, nikakata bila kusema kitu. Kisha nikampigia Asnath, tukalia pamoja kidogo, si sana, kwa sababu salio lilikuwa linaisha.

Uani hakuna aliyeondoka. Wali ulikuwa umeiva na hakuna mtu wa kuuacha. Mtu alikuwa ameongeza sauti ya redio. Simeoni wa Mandewa alikuwa amepiga kwa mara ya tatu.

"Dada Dorkas, kama mzee yupo, tunamshukuru Mungu, mimi narudia neno langu la kwanza. Imepigwa pasi."

"Mwongo huyo," alisema mama wa sufuria. "Wa pili ule mimi nimeupenda."

"Umeupenda ulipodhani amekufa," mzee Ezekieli akamwambia.

"Na sasa naupenda nusu. Kuna ubaya gani?"

"Mimi nataka kurudishiwa machozi yangu," Agripina alisema. "Nimemlilia mtu anayekula mlenda. Akija ananinunulia kanga mpya."

Wakabishana hivyo, sahani mkononi, kuhusu wimbo wa pili na wa tatu na ngoma za kompyuta, na kama mtu akizeeka anapaswa kufoka au kunong'ona. Nilipita katikati yao nikaingia sebuleni. Godoro lilikuwa bado pale juu ya mkeka, limenyooshwa vizuri. Kesho mchana kulikuwa mbali. Mlima ulikuwa uleule, malori yaleyale, na watu wawili wazee wangeupanda na furaha kichwani, kitu ambacho kwenye barabara ile ni kibaya kuliko mafuta.

Nikalisogelea godoro. Nikakaa.

Agripina alichungulia. "Ehee! Sasa ndiyo unakaa?"

"Nimechoka. Una hiyo albamu kwenye simu?"

"Asnath kanitumia."

"Niwekee ule wa mlango. Nataka kujua kama kuna kosa lingine."